Barua ya Babu Haijafika

Jumatano, 14 Januari

Siku ya tatu. Babu hajapata. Siandiki hajapata nini. Hata humu, kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la Kemia, kalamu inaona haya.

Leo kliniki. Nesi Neema alieleza vizuri. Ugonjwa wa Parkinson hauishii mikononi. Utumbo nao hupunguza mwendo, kama miguu. Chakula kikikwama njiani, hata vidonge vya kutetemeka vinachelewa kufanya kazi. Kwa hiyo: maji, matunda, mboga, kutembea kidogo. Vidonge nusu saa kabla ya kula. Kila jioni dawa ya maji ya kulainisha. Kila asubuhi baada ya uji akae kule, saa ileile, miguu juu ya kigoda, bila haraka. Turudi Jumatatu. Tumbo likiuma au kuvimba, turudi siku hiyohiyo.

Halafu akapaza sauti, korido nzima ikasikia: mzee amepata choo? Babu akajibu kwa adabu kwamba anacho, cha kuvuta, kiko nyuma ya nyumba.

Watu walicheka. Babu hakucheka. Uso wake umekakamaa tangu mwaka juzi, haucheki wala haununi. Lakini njia nzima ya kurudi alitazama viatu vyake.

Shangazi Felista anakuja Jumapili kutoka Dar. Amesema kama tumbo bado, anamchukua Babu akakae kwake, ghorofa ya tatu. Babu hataki. Kila asubuhi lazima aangalie kama milima ya Uluguru imevaa wingu au haijavaa. Kule ataangalia nini? Nguo za jirani kwenye kamba?

Mama anapika kantini ya chuo, Mazimbu, anatoka alfajiri. Mchana Babu ni wangu. Nimemaliza kidato cha nne, sina kisingizio.

Mkakati! Babu alikuwa karani wa posta miaka thelathini na moja. Kuanzia leo ile haja inaitwa barua. Nimemwekea kalenda ya parokia na muhuri wa mpira aliopewa siku ya kustaafu. Magurudumu ya tarehe yameganda: 30 Juni 2004. Barua ikifika, anagonga. Hakuna wa kuona aibu. Mimi ni mwerevu sana.

Alhamisi, 15 Januari

Siku ya nne. Barua hakuna.

Babu hapendi maji. Kikombe kinatetemeka, yanamwagikia shati, kisha anasema hana kiu. Nikabuni mashindano: nusu kikombe yeye, nusu kikombe mimi, kidogo kidogo. Kila alipositasita nilikunywa ziada kumtia moyo. Matokeo: mimi nimekwenda uani mara tisa. Yeye mara mbili, tena kwa mambo madogo. Akasema kutoka barazani kwamba posta ya Winfrida leo ina kazi nyingi, yake bado imefungwa.

Mchana, papai. Hapendi papai pia. Nikamwambia limetoka kwao, Mgeta, kwa heshima yake. Akala nusu nzima! Nikajipongeza. Akapangusa mdomo taratibu, akauliza ni la shamba la nani. Nikasema la Petro wa kulekule. Akasema Petro ni mtu wa ajabu, maana Mgeta ni baridi, papai halijawahi kuota tangu Mungu aumbe mlima. Kule sasa hivi ni msimu wa plamsi.

Nimeona haya mpaka masikioni. Akaniambia, mke wangu, ukitaka kunidanganya jifunze kwanza jiografia. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, utani wa babu na mjukuu, na mimi bado sijui pa kuficha uso.

Ijumaa, 16 Januari

Siku ya tano. Nimemgusa tumbo. Si gumu, haliumi. Lakini hakumaliza uji, na vidonge vya asubuhi vilichelewa kushika. Alisimama mlangoni dakika nyingi, miguu imegoma. Nikamhesabia moja, mbili, kama gwaride. Ikakubali.

Nilikwenda sokoni Mawenzi kutafuta plamsi za kweli. Mwanamke mmoja alikuwa ameshuka nazo Mgeta asubuhi ileile, nyekundu, bado zina vumbi jeupe. Babu alinusa moja kwanza. Akakaa nayo mkononi, na mkono ukatulia kidogo. Labda nilitaka tu kuona hivyo. Alikula sita.

Sasa balaa. Mama Cecilia, jirani yetu na katibu wa jumuiya, alisikia juu ya ukuta nikiuliza kama barua imefika. Akauliza barua gani. Mimi siwezi kusema uongo papo hapo, nahitaji kujiandaa. Nikasema ni barua ya Babu, muhimu, ina siku tano. Akasema pole, nchi hii watu wanakalia mambo ya wazee.

Kufika jioni watu wanne walikuwa wamekuja kumpa Babu pole. Mzee Yeremia wa mashine ya kusaga alijitolea kwenda kupiga meza kwa wahusika. Babu alimshukuru. Alisema wahusika hao hawasikii meza.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya sita. Jumuiya ilisali kwetu leo, zamu yetu. Watu kumi na saba kwenye mkeka na viti vya kuazima.

Yakafika maombi. Mama Cecilia akafumba macho. Akamwomba Bwana aguse mioyo migumu ya wanaoizuia barua ya Mzee Castory. Wote: Ee Bwana, utusikie. Akaomba kila kizuizi kiondolewe. Ee Bwana, utusikie. Akaomba itoke yote, isibaki hata kipande, na mzee apate nafuu.

Sikuweza kuitikia. Niliuma leso.

Mabega ya Babu yakaanza kutikisika. Nikadhani ni ugonjwa, nikamshika. Haukuwa ugonjwa. Sauti ikamtoka, nyembamba, kama mlango wa kabati. Babu alikuwa anacheka! Uso umetulia vilevile, machozi yanashuka. Sijamsikia akicheka tangu nikiwa kidato cha pili. Jumuiya ikadhani ameguswa na Roho, wakaanzisha wimbo.

Katikati ya ubeti wa pili akanivuta mkono. Alisema neno moja: posta.

Tulikwenda. Moja, mbili, moja, mbili. Kigoda chini ya miguu. Nikasubiri nje nimeipa mgongo migomba. Ndani waliimba nyimbo tatu nzima.

IMEFIKA!

Babu akarudi sebuleni akawatangazia mwenyewe. Vigelegele mpaka barabarani. Mama Cecilia akauliza kama ni ya habari njema. Babu akafikiri, akasema ni nzito. Mama Cecilia akaomba aione. Nikasema haiwezekani, ni ya siri. Hapo sikudanganya.

Aligonga muhuri. Umekaa upande, nusu uko juu ya Jumapili. 30 Juni 2004. Siku ambayo mikono yake ilikuwa bado imetulia.

Jumapili, 18 Januari

Shangazi amekuja. Alipitia kanisani, kwa hiyo alifika tayari amepewa hongera na watu wanane. Akataka barua. Akasema kama ni ya shamba la Mgeta na tunamficha, patachimbika. Akafungua kabati. Akaniangalia mimi. Nikaangalia sakafu. Mama akaangalia sufuria.

Babu akaomba kalenda. Akaiweka magotini na kusema polepole, sauti yake ndogo: Felista, nimepata choo jana. Hiyo ndiyo barua. Akamweleza kuhusu maji, plamsi, kigoda, kuhesabiwa hatua. Akasema Dar ana wajukuu wengi, lakini anayejua saa zake ni huyu anayeona haya.

 Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, akiwa palepale chini. Amesema Babu abaki hadi Pasaka, halafu tutaona. Ameniachia kikombe chenye masikio mawili. Hakimwagiki sana.

Wakati wa kulala Babu aliniambia, mke wangu, neno ni choo. Ni fupi. Sema. Nikasema nitajaribu kesho.

Jumatatu, 19 Januari

Asubuhi, bila kuitwa na mtu, Babu alikwenda baada ya uji. Muhuri wa pili! Nesi Neema ametusifu: tuendelee hivyohivyo. Aliniuliza mbele ya korido kama mzee amepata nini-hiyo. Nikatikisa kichwa kwa nguvu, akadhani nakataa, akaanza kuandika dawa nyingine. Babu ikabidi aniokoe.

Nimefikiri sana njiani. Kosa halikuwa kutumia neno la siri. Kosa lilikuwa kuchagua barua. Siku hizi nani anapata barua? Lazima watu waulize. Linatakiwa neno la kawaida, lisilomshtua mtu.

Mgeni!

Nimeanza leo jioni. Nimemwambia Babu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho tunamtegemea mgeni. Mama Cecilia alikuwa anaanika kanga. Akauliza mgeni anakuja saa ngapi. Nikasema Mungu akipenda saa mbili, baada ya uji. Akauliza kama atakaa sana. Nikasema tunaomba asikae.

Ameacha kanga kwenye beseni. Amekwenda kukamata jogoo.