Nishani ya Babu na Meza Yenye Bati

Ijumaa, 18 Julai 2025
Coleta ameamka anakohoa tena. Ni upepo. Meza yangu ya maharage iko mwisho kabisa wa soko, haina hata turubai, na Julai ya Sumbawanga haimjali mtoto wa miezi saba. Nimemfunga vitenge viwili na sweta la baba yake. Anaonekana kama furushi la mitumba. Bado anakohoa.

Habari njema: imebaki meza moja chini ya bati. Mzee Ignasi, mwenyekiti wa soko, atampa mtu ambaye familia yake imelitumikia taifa. Atamtaja Siku ya Mashujaa, Ijumaa ijayo. Alikuwa mgambo huyu, anapenda mambo ya mashujaa kuliko mambo ya soko.

Habari mbaya: Mama Lugano, jirani yangu muuza dagaa, mtu wa Mbeya. Baba yake alipigana vita vya Kagera. Leo nimemwona anaipima ile meza kwa mikono.

Jumamosi, 19 Julai
Nimekumbuka! Babu Isdori, aliyenilea, ana nishani. Iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Rangi ya dhahabu, utepe mwekundu, maandishi ya kizungu ambacho hatukufundishwa shuleni. Alipewa Ujerumani Mashariki, alikopelekwa kusomea ufundi akiwa kijana. Ufundi gani, sijawahi kuuliza. Lakini nchi inayotoa nishani ina jeshi. Jeshi lina vita. Mbona imekaa sawa.

Nimemwomba aniazime. Akauliza ya nini. Nikasema Coleta anapenda vitu vinavyong'aa. Si uongo. Anapenda hata kijiko.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya misa nimeisafisha. Mwanamke wa huku hatoi sufuria chafu mbele ya watu, sembuse nishani. Majivu, mchanga kidogo, stilwaya. Nimesugua mpaka nikaona meno yangu.

Dhahabu imetoka. Maandishi pia. Palikuwa na picha ya mtu katikati. Limebaki sikio.

Utepe nimeufua. Sasa ni wa pinki.

Jumatatu, 21 Julai
Nimeipeleka hivyo hivyo kwa Mzee Ignasi. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima, shikamoo. Akaigeuza na kuigeuza. Akauliza maandishi yamefutikaje. Nikaangalia chini, maana nilikuwa natafuta la kusema. Yeye akatikisa kichwa, akasema taratibu, "Vita." Nikanyamaza. Kunyamaza si uongo.

Ameandika jina la Babu kwenye daftari. Halafu akasema siku yenyewe Babu aje ameivaa, akae kiti cha mbele na Mzee Asajile, baba yake Mama Lugano.

Babu kuja sikuwa nimepanga.

Jumatano, 23 Julai
Mama Lugano kaniuliza mbele ya wateja, "Mama Coleta, babu yako alipigana na nani, panya wa ghalani?" Nikamjibu mambo ya jeshi ni siri. Wateja wakacheka. Sijui walikuwa upande wa nani.

Nimempeleka Coleta zahanati. Muuguzi kasema mapafu bado salama ila nimtoe kwenye upepo. Nikasema nashughulikia.

Babu nimemwambia kuna chai ya wazee sokoni. Amekubali. Ameuliza kama kuna mandazi.

Ijumaa, 25 Julai
Imekwisha.

Asubuhi nilimbandikia Babu nishani kwenye koti. Akaiangalia muda mrefu. Alikuwa ameivaa mara moja tu maishani, siku alipomuoa Bibi. Nikangoja anigombeze. Akasema tu, "Umeisafisha." Afadhali angenigombeza.

Sokoni walimkalisha mbele. Mzee Asajile, mtu mpole, nishani zake mbili zimenyooka, akamsogelea na kumuuliza alikuwa kikosi gani.

"Kikosi cha visigino," Babu akasema.

Mzee Asajile akafikiri hakusikia vizuri. Babu akaeleza kwa sauti, maana na yeye masikio si mazuri. Kilikuwa kiwanda cha viatu. Yeye alikuwa anagonga visigino. Mwaka mmoja walivuka lengo, kundi zima likapewa nishani, na mpishi wao pia. Mzee Ignasi akauliza kuhusu adui. Babu akasema baridi ilikuwa kali.

Soko zima lilicheka. Babu hakujali. Akaendelea, "Waliotoa hawapo. Nchi yenyewe haipo, ilikwisha. Hata ukitaka kuirudisha hii, hujui pa kuipeleka." Hapo wachache wakaacha kucheka. Mzee Asajile akamshika mkono, akampa andazi lake.

Meza kapewa Mama Lugano. Mzee Ignasi kalifuta jina la Babu kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, mistari miwili.

Jioni nikafungasha maharage nisimwangalie mtu. Coleta akaanza kukohoa. Mama Lugano akaja mpaka mezani kwangu, akanyoosha mikono.

"Mlete mtoto chini ya bati. Wewe kamanda baki na upepo wako."

Nimempa.

Jumamosi, 26 Julai
Coleta ameshinda kwenye boksi la dagaa lililotandikwa kanga. Ananuka samaki. Hajakohoa tangu saa nne. Mchana Mama Lugano akasogeza ndoo zake, akaniambia nilete na maharage, anachoka kunitazama natetemeka kule. Tumegawana meza. Nimemwomba msamaha. Kasema niache maneno, nimshikie mizani.

Nimeapa. Sitasema tena uongo sokoni. Nimemwambia Coleta, yeye ni shahidi.

Jumatatu, 28 Julai
Mzee Ignasi ametangaza: soko linatafuta msimamizi wa mizani kubwa ya mahindi. Anapewa kibanda chake. Si bati tu, kibanda kina kuta nne na mlango unaofungwa. Coleta angelala humo kama mtoto wa mkuu wa mkoa. Mama Lugano naye angebaki na meza yake nzima, kwa hiyo kwa kweli namfikiria na yeye.

Anatakiwa mtu mwenye cheti cha mafunzo.

Chini ya lile kopo la Babu kuna karatasi ngumu, imekunjwa mara nne. Ina muhuri mkubwa wa nchi ile. Hakuna neno linalosomeka kwa mtu wa hapa. Safari hii nimekuwa makini. Nimemuuliza Babu kwanza.

Amesahau kabisa imeandikwa nini.