Nyundo ya Fundi Wako na Breki Yangu ya Mkono

Ndugu Mkuu wa Gereji,

Natumaini u mzima, wewe na spana zako. Mimi ni mtunza masjala mstaafu. Nilirudi kutoka safari Jumatatu nikakuta breki ya mkono ya gari langu imeng'ang'ania, haiachii. Ukaniletea fundi. Nasema fundi kwa heshima yako tu.

1. Alikuja na nyundo. Si kompyuta, si kitabu, wala ovaroli yenye vifungo kamili: nyundo! Akainama, akatega sikio kwenye gurudumu la nyuma kama anayesikiliza umbeya.

2. Akanihoji. "Mzee, gari uliliosha lini?" Nikamjibu kwamba nililiosha likang'aa, nikavuta breki hadi mwisho, nikasafiri wiki mbili, kama mtu mwenye akili zake. Akacheka. "Basi umeligandisha mwenyewe. Ni kutu hiyo, breki ilivutwa ikiwa na maji. Ngoja nigonge kidogo, litaachia." Miaka thelathini na moja masjala, sijaona jalada lililofunguka kwa kipigo.

3. Nilimshika mkono. Nikamtaka aandike kwanza sababu za kugonga, idadi ya vipigo, na nani atawajibika. Akasema yeye anatengeneza magari, haandikii magurudumu barua. Nikamfukuza.

4. Akaondoka! Hapo ndipo uzembe wake ulipopita kiasi. Fundi gani anafukuzwa mara moja tu, akaenda? Kwa sababu yake mama mkwe jana alikosa kliniki ya macho, na mke wangu ananipita sebuleni kama anayepita kabati.

Kwa hiyo naomba nyundo ile ifungiwe stoo, fundi apewe onyo kali, na iundwe kamati ya watu watatu ije kulitazama gari bila kuligusa.

Wasalimie mafundi wote, kasoro mmoja. Mkeo naye mpe pole, maana anaishi na mtu anayeajiri hivi.

Wako, ambaye subira yake imebaki kijiko kimoja,
Mtunza Masjala Mstaafu

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha nilisikia ko, ko, ko uani. Kumbe mke wangu amempigia simu fundi wako. Pigo la tatu, breki ikaachia. Fundi alikuwa sahihi tangu neno lake la kwanza. Sasa hivi mke wangu na mama yake wametoka na gari kwenda kuibembeleza kliniki, mama mkwe kakaa kiti cha mbele. Walipopita getini aliipungia nguzo mkono, akidhani ni mimi.