Kitalu B Hakikuhutubiwa

Idara ya Uhamasishaji wa Mimea ina furaha kuwatangazia wananchi wote wa Kakamega na viunga vyake kwamba jaribio letu la kisayansi limefaulu. Limebaki kufanywa tu.

Naitwa Erastus Osundwa, Mratibu Msaidizi wa Hotuba. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hotuba ya Mkurugenzi inafika shambani kabla ya mvua ya alasiri, na viti vinafika kabla ya hotuba. Mkurugenzi wetu, Daktari Wanyonyi (udaktari wake ulikuja pamoja na kofia na picha), ndiye aliyegundua kwamba mimea ikihutubiwa hustawi. Aliligundua hilo kule Buyangu. Alihutubia shamba la mahindi, miezi ikapita, mahindi yakakomaa. Mtu mmoja wa mdomo mrefu aliuliza kama mahindi ya jirani, yaliyokosa hotuba, hayakukomaa siku zile zile. Tukamwambia apeleke swali lake kwa ofisi husika. Ofisi husika ilikuwa sisi, nasi hatukuwepo.

Sasa wakubwa wa juu, kabla ya kuamuru kila kijiji kihutubiwe kila wiki, wakataka ushahidi. Tukaenda shule moja karibu na Lubao, kwa mwalimu wa bayolojia anayeitwa Risper Shikanga.

"Mulembe, Mwalimu," Mkurugenzi akamwambia, akimkabidhi karatasi yenye mhuri. "Hitimisho hilo hapo, nimeshatia sahihi. Wewe nisaidie tu na hivyo vitu vidogo vidogo vya kutangulia."

Mwalimu Risper akaisoma, akaigeuza, akaona nyuma hakuna kitu.

"Mkubwa, hii ni ya mwisho. Sisi tunaanzanga na swali."

"Swali la nini, na jibu tunalo?"

"Tunauliza: hotuba inasaidia mboga kama mrenda kukua? Halafu tunakisia jibu. Hiyo ndiyo nadharia tete. Halafu tunajaribu, tuone kama tumekosea."

"Tukosee?" Mkurugenzi akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta huyo mwalimu duniani. "Osundwa, bajeti yetu ina kukosea?"

"Haina, Mkubwa. Ina chai na mandazi."

Mkurugenzi akalainisha sauti. "Mwalimu, unakaa wapi?"

"Hapa hapa Lubao. Namwangalia mamangu. Miguu imemkataa."

"Vizuri sana. Kule Mautuma kuna shule inalia, haina mwalimu wa bayolojia. Jaribio likinikosea adabu, tutakisikia hicho kilio."

Jioni hiyo niliandaa barua ya uhamisho kwenda Mautuma. Nafasi ya jina niliiacha wazi, maana idara yetu haimhukumu mtu kabla ya wakati.

Mwalimu Risper hakulia wala hakubembeleza. Alisema, "Sawa, lakini nitafanya vile inafanywanga." Akapima vitalu viwili vya mrenda karibu na jiko la shule. Mbegu za kopo moja, udongo ule ule, maji ya ndoo moja. Katikati akafunga kamba.

"Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane," akatueleza polepole, kama tunavyoelezwa watu wazima wenye magari. "Kitalu A kinahutubiwa. Kitalu B hakihutubiwi."

Mkurugenzi alishikwa na huruma. "Na B kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu. Ni cha kulinganishia."

"Huo ni ubaguzi, Mwalimu. B kiko chini ya himaya yangu. Acha hata nikisalimie."

"Ukikisalimia umekiharibu."

Tangu niajiriwe sikuwahi kusikia mtu akimwambia Mkurugenzi kwamba salamu zake huharibu kitu. Niliangalia mawingu. Yalikuwa mazuri.

Tukaanza kuhutubia. Ieleweke kwamba hotuba haitembei peke yake. Ina hema, ina viti, ina wapiga ngoma za isukuti, ina mpiga picha anayerudi kinyumenyume bila kutazama akanyagapo, ina wageni waalikwa na wageni waliosikia kuna mandazi. Wote hao, kwa mujibu wa itifaki, walisimama karibu na mheshimiwa. Mheshimiwa alisimama ndani ya Kitalu A.

"Ndugu zangu mrenda!" alinguruma. "Kuna uvumi kwamba kunde inapendelewa! Upuuzeni! Sisi hatujawasahau!"

Mama Gentrix, mpishi wa shule, alichungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ai! Na mbona mrenda yenyewe haijajibu?"

"Inatafakari, Mama," nikamwambia.

"Itafakari haraka basi. Watoto wamechoka obusuma na maharagwe."

Siku ya kupima ikafika. Kitalu A kilikuwa na mashina machache yameinamia upande mmoja, kama watu wanaotoka matangani. Kitalu B kilikuwa kimejaa, kibichi, kinene, kinatikisika kwa upepo bila adabu yoyote. Mama Gentrix alikuwa amekuja na kapu.

"Mwalimu," Mkurugenzi akasema, "andika A kimeshinda."

"Siwezi kuandika kile sijaona."

"Mautuma ni mbali."

"Nitaenda." Akaifunika kalamu. "Mama nitambeba. Lakini siandiki." Akaelekeza kidole kwenye nyayo zilizojaa Kitalu A. "Na pia sijasema hotuba ndiyo ilileta shida. Siwezi kujua. Tulisema kitu kimoja tu kitofautiane, nyinyi mkaja na hema. Pengine ni miguu."

Uso wa Mkurugenzi ukapambazuka.

"Miguu! Osundwa, umesikia? Hotuba haina hatia! Rudieni jaribio!"

Likarudiwa. Safari hii hotuba iliingia peke yake, kwa kipaza sauti kilichowekwa kwenye kiti upande wa A, na hakuna aliyevuka kamba ila mwenye ndoo ya maji. Mrenda ukastawi sawa, huku na huku. Mwalimu Risper alipima, akapima tena, akaandika: *Maneno hayakuongeza kitu. Maneno hayakupunguza kitu.* Mama Gentrix akavichanganya vitalu vyote kwenye sufuria moja, na hakuna mlaji aliyeweza kusema ni jani lipi lilikuwa limehutubiwa.

Mkurugenzi hakungoja ushauri. Alikimbilia redioni mwenyewe.

"Wananchi," akasema, "sayansi imethibitisha kwamba hotuba yangu haina madhara yoyote! Kinachoharibu ni kufika kwetu tu!"

Kufikia jioni simu za ofisi zilikuwa zinawaka. Lubao wakaomba wawe Kitalu B. Buyangu wakaomba wawe Kitalu B, na kama inawezekana ianzie mwaka jana. Kikundi kimoja cha kina mama kilileta kamba yao wenyewe.

Wakubwa wa juu, ambao nao wana redio, waliniuliza kama kuna barua ya uhamisho iliyo tayari. Nilikuwa nayo. Ilikosa jina tu, nikalijaza: Wanyonyi. Mwalimu Risper akabaki na mamake Lubao. Ila Mautuma nao walikuwa wameshatuma ombi lao. Wao pia ni Kitalu B, na sayansi lazima iheshimiwe.

Kwa hiyo Mkurugenzi amebaki ofisini, dirisha limefungwa ili asisalimie bustani. Mimi nimepandishwa cheo. Sasa ni Mratibu Mkuu wa Kutofika. Nina ratiba kamili: Jumanne hatufiki Lubao, Alhamisi hatufiki Mautuma, na viti havifiki kabla yetu.

Jumanne iliyopita nilimpelekea Mkurugenzi taarifa ya kwanza.

"Watu walijitokeza?" akauliza.

"Kwa wingi, Mkubwa. Walisimama kando ya barabara kuhakikisha hatufiki."

"Na walipiga makofi?"

"Sana. Mvua ikaanza, na hawakuacha."