Wezi wa Lundo Langu

Jumanne, mwezi 3 Rajabu 1330, Mambrui.
Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimesoma chuoni hadi juzuu ya Amma, nani hapa ananipita? Leo nimemposa Mbeyu, mjane mfinyanzi wa Barani. Kaka yake, Kombe, kaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema arobaini. Ninao wawili. Waliobaki, nikasema, wako malishoni Mariakani. Kasema atakuja kuona boma baada ya majuma mawili.
Hila ikanijia papo hapo. Boma la tajiri hujulikana kwa mavi! Kutwa nimezoa ya ng'ombe wa watu njiani, nikayarundika mlangoni. Lundo limefika kifuani. Mgongo sina tena.

Jumatano, mwezi 4.
Nimeibiwa! Lundo limeshuka gotini. Toka nizaliwe sijasikia mwizi wa mavi! Ni Masha tu, jirani yangu, naye anamtaka Mbeyu. Nikamwendea, nikamwambia arudishe. Kacheka hadi kashika ukuta. Kaniuliza, sasa mzee mwenzangu, niyapeleke wapi, niyale? Hana haya.

Alhamisi, mwezi 5.
Nimeinama nichungue. Lahaula! Lundo linatembea! Dundu weusi, mamia! Mmoja anaviringisha donge kubwa kuliko yeye, kichwa chini, anasukuma kwa miguu ya nyuma kama mwenda wazimu. Wengine wanachimba, wanazika. Mali yangu inazikwa nami natazama! Masha kapita, kasema niwaache, hao ndio wanaoilisha ardhi, wasingekuwapo tungeogelea mavini. Mtu mwenye ng'ombe mmoja anamfundisha mwenye arobaini!

Jumapili, mwezi 8.
Nimechimba mfereji kuzunguka lundo, nikaujaza maji. Dundu wakaruka juu. Wana mabawa! Nani kawapa? Basi nikachemsha maji, debe baada ya debe, nikawamwagia hadi wakaisha. Nikazoa upya. Sasa lundo limenipita kichwa. Askari wa serikali wasingeweza.

Jumanne, mwezi 17.
Nzi! Wametoka wapi? Nzi kwenye uji, kwenye ndevu, kwenye wino huu. Ng'ombe wanapiga mateke kutwa, maziwa hawatoi. Na kesho ndiyo siku ya Kombe.

Jumatano, mwezi 18.
Ole wangu! Kombe kaja na Mbeyu mwenyewe. Kaliona lundo, katoa macho, kasema kweli arobaini wapo. Moyo wangu ukaruka! Nikaleta wali wa nazi, nikafunua sinia. Wali mweusi. Wali unavuma! Kombe kafungua kinywa aseme bismillahi, kammeza mmoja. Mbeyu kajiziba pua kwa leso, kaniuliza, baba, mwenye nyumba ni wewe au ni hawa?
Baba! Mimi, baba!
Wakaenda kunawa kwa Masha. Kule mavi yote yamezikwa na dundu, nzi hakuna, majani mabichi yamefika dirishani, ng'ombe wake anang'aa. Wakala huko huko. Mimi sikuitwa.

Ijumaa, mwezi 20.
Imetangazwa msikitini: Masha anamwoa Mbeyu. Nimekaa nikafikiri sana, akili yangu si ya kawaida, nikajua kosa lilipo. Nimeinua macho paani. Buibui kila pembe! Mijusi kila boriti, wanene, matumbo yamewajaa nzi! Wamehamia lini? Ndio waliomtia Mbeyu kinyaa, hakuna wengine. Wanakaa kwangu, wanakula kwangu, wanataga kwangu, bila hodi!
Nimeshika ufagio. Hadi magharibi hatabaki hata mmoja.