Samaki Ambao Hawakuwepo Siku ya Sensa

Mwalo wa Nyabuhele,
Ilemela, Mwanza.
9 Oktoba 1996

Mkurugenzi,
Ofisi ya Sensa ya Viumbe wa Majini,
Mirongo, Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUWAOMBEA RADHI SAMAKI WA JIWE LA NG'WASHI

Mimi ni Ndalahwa Luhende, katibu wa mwalo huu wa wavuvi. Nimesoma ripoti ya mtaalamu wako, Bwana Josephat Okech, aliyezamia Jiwe la Ng'washi, mwamba ulio ziwani mbele yetu, mwezi wa nane. Ameandika kwamba jiwe lina aina mbili tu za samaki, kwa hiyo mwekezaji aruhusiwe kulilipua apate mawe ya gati la kiwanda chake cha minofu. Ripoti ina nusu ukurasa. Nashukuru, maana karatasi ni ghali siku hizi za soko huria.

Hata hivyo, naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Mtaalamu alizamia mara moja, saa sita mchana, dakika ishirini. Samaki hawakupewa taarifa. Sisi watu tulipohesabiwa mwaka 1988 tulitangaziwa wiki nzima, na balozi wa nyumba kumi akapita akigonga milango. Naomba samaki nao wateuliwe balozi wa mawe kumi. Napendekeza kambare, kwa kuwa ana ndevu.

2. Alizamia upande mmoja akaandika jiwe zima. Upande unaopigwa na upepo wanakaa furu weusi, samaki wadogo wa mawe; upande wa utulivu, furu wekundu; chini kwenye giza, samaki aitwaye gogogo. Ukivuka hatua hamsini za mchanga hadi jiwe la jirani unakuta furu wengine kabisa, wasiojuana na wa kwetu. Furu wa mawe hahami. Ukimfukuza hapo hana shangazi Ukerewe wa kumpokea. Je, mimi nikifika Mkuyuni nikamkuta mama mmoja anauza nyanya, niandike kwamba Mkuyuni hawali vitunguu?

3. Nyakati pia zina mambo yake. Mama yangu, Bi Bernadeta, alizijua aina ishirini na saba za jiwe hili kabla sangara hajawa bwana mkubwa wa ziwa. Mwaka 1985 nilihesabu kumi na tisa. Mwaka jana, kumi na moja. Mtaalamu anasema mbili. Ningependa kujua kama ofisi yako inahesabu samaki au inawapunguza.

4. Sheria ni msumeno. Nilifika ofisini kwako mara tatu, saa sita mchana, nikakuta aina mbili tu za watumishi: mlinzi na mpiga chapa. Sikumwita mtu wa baruti.

5. Hapa naacha mzaha, maana nina hasira na ninaogopa. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabakiziwa mapanki, vichwa na mifupa. Furu wa jiwe hili ndio kitoweo pekee ambacho mwekezaji hajakitamani. Likilipuliwa tarehe ishirini kama ilivyopangwa, kaya thelathini zitakula ugali mkavu, na aina hizo kumi na moja hatutaziona tena popote.

Kwa hiyo naomba sensa irudiwe asubuhi na jioni, pande zote, na tena baada ya mvua.

Wasalimie wote hapo Mirongo: mpiga chapa, dereva nisiyemkuta, na hasa mlinzi, ambaye sasa tunafahamiana vizuri.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Ndalahwa Luhende

Nyongeza: Mama amesomewa barua hii, akasema haitoki nyumbani bila ukweli wote. Bwana Okech alifika kwetu jioni, akazamia kesho yake. Kwetu mgeni wa Serikali halishwi mapanki. Siku ile aliyofika, kwa kuwa tulijua anakuja, mwalo mzima tulishinda jiweni na nyavu tangu alfajiri, pande zote mbili, ili kila kaya imletee samaki wake bora. Alikula aina tisa, akasifu mchuzi, akafungiwa na wa kwenda nao. Zile mbili alizozikuta chini ni zile tulizozirudisha majini, maana mama alikataa kuzipika kwa sababu zina miiba.