Mteule wa Nyota Saba na Shimo la Bi Zuhura

Jamani, leo nimeaibika Kisauni, na nataka mkisikie kisa hiki kwangu kabla Rehema hajawasimulia kwa nyongeza zake.

Mnalijua kundi letu la wapenda hadithi za angani. Falme zilizo katika nyota, majeshi yanayopigana kwa nuru, na yule kijana asiyejulikana ambaye utabiri wa kale umesema atakuja kuwaokoa wote. Huyo kijana ndiye tunayembishania siku zote. Rehema, aliyeanzisha kundi, anasema utabiri ni kama kanzu ya dukani: humkaa yeyote mwenye kimo kile. Mimi nikashikilia kwamba mteule ni mteule, watu wakimwona tu humtambua. (Niliandika maneno mengi sana kuhusu jambo hili. Naomba msiyatafute.)

Leo ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kukutana uso kwa uso, nyumbani kwa Rehema, na kila mtu avae mavazi ya hadithi. Mimi nilipewa nafasi ya Mteule wa Nyota Saba. Kule Changamwe, kwenye yadi ya makontena ninakofanya ukarani, nikaomba ruhusa. Bosi nikamwambia nina shughuli ya kifamilia.

Asubuhi nikajipamba. Ovaroli ya kijivu. Gambuti nilizozipaka rangi ya fedha. Glavu za mpira hadi viwikoni. Na fimbo ya nuru, ambayo kusema kweli ni bomba refu la plastiki lenye taa ya baiskeli kwenye ncha. Nilipojitazama kwenye kioo nyumbani Mikindani, nilijiogopa mwenyewe.

Rehema alikuwa ametutumia maagizo kwa sauti: "Njooni mpaka geti la kijani. Kila mmoja atapokewa na mtu atakayemwambia utabiri wake. Msiulize maswali, fuateni tu."

Nikashuka kwenye tuktuk, nikaliona geti la kijani. Mbele yake alisimama mama mmoja wa makamo, leso kichwani, akiitazama barabara kwa wasiwasi. Aliponiona uso ukamng'aa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umefika. Tumekungoja tangu alfajiri."

Mwili ukanisisimka. Nikajisemea, Rehema ametafuta mwigizaji hodari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako?"

"Mteule huja peke yake," nikajibu kwa sauti nzito.

Akanitazama kidogo. "Haya. Almuradi waijua kazi. Pita."

Akaniongoza kuelekea uani. "Wawili walikuja kabla yako," akasema. "Wakalitazama shimo, wakakimbia."

"Shimo la giza?"

"Giza si kitu, mwanangu. Harufu ndiyo mtihani."

"Na likiachwa?"

"Likiachwa, ikifika adhuhuri hakuna atakayesalimika nyumba hii."

Sasa niambieni, nyinyi mngeshuku nini? Kila neno lilikuwa mahali pake. Nikawasha taa ya fimbo. Mama akamwita bintiye aliyekuwa jikoni: "Salma, njoo uone, huyu kaja na taa yake kabisa."

Uani palikuwa na mfuniko wa zege. Nikapiga goti, nikainamisha kichwa kama wafanyavyo mashujaa wetu kabla ya vita, nikaufunua.

Harufu ile haikuwa ya maigizo. Ilinipiga usoni nikakaa kitako.

"Mama," nikasema, "hili ni shimo la choo."

"Kwani wewe uliambiwa ni la nini?"

"Nisamehe, mama. Mimi si fundi. Mimi ni Mteule wa Nyota Saba."

Akageukia jikoni. "Salma, asema kampuni yake yaitwa Nyota Saba."

Ningeondoka hapo hapo, miguu ilikuwa tayari. Lakini mama yule, Bi Zuhura, akavuta kigoda akaketi, na sauti ikamshuka. "Wageni wa posa wako njiani, wazee watupu. Vyoo vyote viwili vyarudisha maji. Huyu binti yangu kampata mtu anayempenda, na sisi tumempenda. Waje waingie kwenye harufu hii, watasemaje?" Salma alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Sijui kama ni vitunguu au ni machozi, na sikuwa na moyo wa kuuliza.

Basi. Nikaizamisha fimbo ya nuru.

Taa ilizimika papo hapo (Mungu ailaze pema). Nikasukuma, nikazungusha, nikavuta. Kitu kikashika. Nikakaza miguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na ikatoka leso nzima, maandishi yake bado yasomeka: Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Kumbe iko huku," Bi Zuhura akasema polepole. "Na mimi simsemeshi dada yangu kwa ajili ya leso hii."

Shimo likanguruma. Maji yakaenda zake kwa kishindo, lakini kabla ya kwenda yalinirukia kwanza, kifuani na usoni.

Nikiwa bado nimefumba macho, nikasikia geti likifunguliwa na watu wakibisha hodi. Nikafumbua. Wazee wanne, kanzu nyeupe pee. Aliyetangulia ni bosi wangu.

"Katana?"

"Naam, bosi."

Akazitazama gambuti za fedha. Akaitazama fimbo. Akaitazama leso iliyokuwa ikichuruzika mkononi mwangu.

"Hii ndiyo shughuli ya kifamilia?"

Kabla sijajibu, Bi Zuhura akadakia kwa furaha: "Kumbe mwajuana na fundi wetu? Basi hata yeye ni wa nyumbani."

Na mjue kwamba fundi mwenyewe alitokea dakika hiyo hiyo kwa pikipiki, shati limepigwa pasi, begi begani. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Siku hizi mwavaa hivi?" akauliza.

Nikadhani aibu imefika mwisho. Nikainua macho, nikaona vichwa juu ya ukuta wa jirani: kundi letu lote, mataji na majoho, wamepanga foleni kutazama. Geti la Rehema ni la pili. La kijani pia.

"Katana," Rehema akaita, "twakungoja huku." Akanusa. "Lakini baki huko huko."

Nilioga kwa mpira wa maji wa bustani. Bi Zuhura akanipa kikoi, sahani ya biriani na dua ndefu. Posa ilikubaliwa. Bosi alipotoka alikuwa bado ana machozi ya kucheka, akasema tu, "Jumatatu usichelewe. Na unipungie mkono kwa mbali."

Rehema naye akataka nikiri kwamba nimeshindwa ubishi. Sikukiri. Nikamwuliza, "Walinitambua waliponiona tu, au hawakunitambua?" Akasema walitambua gambuti.

Basi cheka wewe, na wewe pia cheka, sitakasirika. Ila siku mkiteuliwa, ndugu zangu, kabla hamjapiga goti, ulizeni kazi yenyewe ni ipi.