Kanuni ya Kutomcheka Kuruta

Kwa niaba ya Kamati ya Kitaifa ya Urekebishaji wa Vicheko, ambayo mimi ni Katibu wake, ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba kicheko hakijapigwa marufuku. Uvumi huo ulianzia soko la Kikuubo, kwenye maghala ya sabuni, ukaenezwa na watu wasiosoma matangazo hadi mwisho. Kilichopigwa marufuku ni kumcheka mwanajeshi, awe amesimama, amelala au yumo ndani ya filamu. Vicheko vingine vyote vinaruhusiwa, isipokuwa vile vitakavyotajwa baadaye.

Ninaandika haya nikiwa mahali ambapo sikutarajia kuwepo. Hilo halinisumbui. Shule niliyosoma ilikuwa ya bweni. Tulioga maji baridi saa kumi na moja alfajiri, tukala maharagwe yenye wadudu bila kuwataja wadudu, na kwa miaka miwili nilikuwa kiranja wa bwalo. Katika kipindi changu hakuna mwanafunzi aliyecheka akiwa na kijiko mkononi. Ninalitaja jambo hili kwa sababu ni la kweli, wala si kwa kujivuna.

Miaka minane baada ya vita vya 1986, Kamati ilipata taarifa za kicheko kisichoratibiwa huko Makindye. Kilitoka katika kibanda cha video cha Bwana Fadhul: mabenchi sita, mapazia meusi, televisheni moja, deki moja na kipaza sauti. Kazi ya Fadhul inajulikana Kampala nzima. Filamu hutoka ng'ambo katika lugha isiyoeleweka. Yeye huketi kando ya televisheni na kusema, kwa Kiswahili na Kiganda, yale ambayo watu wa filamu wangekuwa wanayasema. Wateja hawaendi kutazama filamu. Wanaenda kumsikiliza Fadhul.

Filamu yenyewe ilihusu vijana wanne wa nchi ya mbali ambako kila kijana hulazimishwa kuingia jeshini. Hawa hawakutaka. Mmoja alijificha ndani ya sufuria ya uji. Mwingine alifanya gwaride amevaa ndara za mama yake. Kaseti haikuwa na jina, kwa hiyo Fadhul aliipa lake: Kuruta Hataki. Watu walicheka kwa wiki tatu mfululizo. Hata askari waliokuwa mapumzikoni walikuja wakakaa benchi la mbele, jambo linaloonyesha jinsi hatari ilivyokuwa imeenea.

Wenye elimu ndogo wangeizuia filamu ile. Mwenyekiti wetu, Kamishna Oloya, ni mtu wa upeo. "Kuzuia kunachosha," alisema. "Sisi tutaisahihisha."

Deki na leseni ya Fadhul vikachukuliwa na kuletwa ofisini kwangu kwa hifadhi. Nami nikaandika Tafsiri Rasmi, kurasa thelathini na sita, kila ukurasa na muhuri wake. Fadhul angeisoma neno kwa neno mbele ya Kamati. Hadhira isipocheka, angerudishiwa deki na leseni. Mwananchi mmoja akicheka, vyote viwili vingepotea moja kwa moja. Na yeyote ambaye angecheka, chini ya Kanuni ya Tisa niliyoitunga mwenyewe, angepelekwa miezi mitatu ya mafunzo ya lazima ya kijeshi, ili aonje kile anachokicheka.

Fadhul alikuja ofisini kuchukua kurasa zake akiwa na mkewe, Safinah. Mume alivua kofia mlangoni. Mkewe hakuvua chochote wala hakungoja kukaribishwa.

"Mzee Katibu," Fadhul alisema baada ya kusoma kidogo, "hapa unasema kuruta anavuka mto. Kwa ile filamu hakuna mto."

"Utakuwepo."

"Utatoka wapi, mzee? Kaseti ishatoka kiwandani."

Safinah akanitazama. "Wewe uliangalia hii filamu?"

"Kanuni ya Nne haimruhusu afisa kutazama filamu ambayo haijasahihishwa."

"Kale, haya. Sasa uliisahihisha namna gani?"

"Kwa misingi, mama. Mwanajeshi ni mwanajeshi."

"Na watoto wangu ni watoto wangu. Watano, na wote wanakula kutoka kwa hiyo deki. Hiyo hapo nyuma yako, umeweka chai juu yake."

Ni kweli nilikuwa nimeweka chai juu yake, lakini juu ya kisahani.

"Safinah, nyamaza," Fadhul alinong'ona.

"Ninyamaze? Si ndiyo kazi wametupa? Kunyamazisha watu?" Akaubeba mfuko wake. "Haya, twende ukasome mto wako."

Jumamosi alasiri kibanda kilijaa. Deki niliileta mwenyewe, kwa siku hiyo tu. Kamati ya watu kumi na mmoja ilikaa benchi za mbele, Kamishna Oloya akiwa katikati, kwenye kiti chake cha ngozi kilicholetwa kutoka ofisini. Mimi, nikiwa Katibu na si mjumbe, nilisimama ukutani na daftari. Nje palisimama lori la jeshi lenye koplo mmoja na fomu ya watu kumi na wawili. Idadi hiyo niliijaza mapema. Serikali haitumi lori kwa kubahatisha.

Wananchi walikuwa wameisoma Kanuni ya Tisa, angalau safari hii. Bwana Sifuna, mpakiaji wa mizigo Kikuubo na mwenye kicheko kikubwa kuliko vyote Makindye, alifika na kitambaa mkononi.

"Mkubwa," aliniambia, "mimi leo ni maiti. Ukiona nacheka, jua ni mashetani." Kisha akakisokomeza kitambaa kinywani na kuketi.

Fadhul alianza. Alisoma kama mtu anayesomewa hukumu yake mwenyewe na kuombwa asaidie kuisoma. Kwenye televisheni kuruta alikuwa ameng'ang'ania kitanda, watu wanne wakimvuta miguu. Fadhul akasema: "Kuruta huyu anaivuka mito ya nchi yake kwa hamu isiyo kifani."

Hakuna aliyecheka.

Kuruta wa pili akatoka ndani ya sufuria akidondosha uji masikioni. Fadhul akasema: "Vijana wanauliza, kwa adabu, iwapo mafunzo yanaweza kuongezwa muda."

Hakuna aliyecheka. Mabega ya Sifuna yalikuwa yakitikisika na machozi yakimtoka, lakini Kanuni haisemi lolote kuhusu mabega. Bibi mmoja alikuwa amejiuma kidole. Safinah alisimama mlangoni, macho yake hayakutoka kwenye midomo ya wateja, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Nilihisi fahari ambayo sikuwa nimeihisi tangu bwaloni.

Tukafika ukurasa wa kumi na tisa. Kwenye televisheni mbuzi alikuwa anaondoka na suruali ya mkuu wa kambi, naye mkuu anamkimbiza akiwa amevaa chupi yenye maua. Wakati huohuo, kwa mpangilio wa kurasa, Fadhul alisoma: "Mheshimiwa Kamishna anawashukuru nyote kwa kufika, na anawaomba msimame ili mumwone vizuri."

Kamishna Oloya alicheka.

Kicheko chake kilianza kama pikipiki iliyolala nje, kikakataa, kikakataa tena, kisha kikawaka. Alicheka hadi kiti cha ngozi kikalia. Sasa, katika ofisi zetu, mkubwa akicheka wadogo hucheka. Hakuna kanuni iliyoandika hivyo; desturi hiyo ilikuwepo kabla ya kanuni. Wajumbe kumi wakacheka papo hapo, wawili kati yao wakiwa hata hawajatazama televisheni. Mjumbe wa Fedha alijipiga mapajani na kuuliza pembeni, "Amesema nini?"

Nyuma yao, wananchi walikaa kimya kama wako kanisani.

Mimi sikucheka. Niliandika majina.

Koplo akaingia. "Nani alicheka?"

Safinah akanyoosha mkono. "Hawa ya mbele. Wote. Huyo ya kiti kubwa ndio alianzisha."

"Kijana," alisema Kamishna akijifuta macho, "mimi ndiye niliyetia sahihi kanuni hiyo."

"Ndiyo, mzee. Sahihi nimeona, iko safi. Panda lori."

"Nina tatizo la goti."

"Kila mtu iko na goti, mzee. Mimi mwenyewe niko na mbili."

Wakapanda. Koplo akahesabu, akatazama fomu, akahesabu tena. "Hii ni kumi na moja. Karatasi inasema kumi na mbili. Nani alijaza hii karatasi?"

Aliyelelewa bwenini hasemi uongo. "Mimi."

"Basi malizia kuijaza."

Nilimweleza kwamba sikucheka. Akaniuliza kama mwenye makosa ni mimi au ni fomu. Sikuweza kukubali kwamba fomu niliyoijaza ilikuwa na makosa. Kabla ya kupanda nilimwandikia Fadhul hati ya kurudishiwa deki na leseni yake, kwa kuwa wananchi hawakucheka na masharti yalikuwa yametimizwa. Niliiandikia juu ya ubao wa lori. Fadhul alikuwa bado ameshika kurasa zangu. Safinah ndiye aliyeichukua.

Kambini tulipokelewa na Sajenti Santa, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Lazima niseme kwa masikitiko kwamba wajumbe hawakuonyesha mfano mwema. Kamishna Oloya alileta cheti cha daktari kuhusu goti la kulia, na kilipokataliwa akaleta cha goti la kushoto. Mjumbe wa Fedha aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama yake.

"Pole sana," alisema Sajenti. "Na yule mama aliyekuletea ndizi Jumapili ni nani?"

"Huyo... ni mama mwingine, afande."

"Basi nenda ukimbie raundi kumi. Tano za huyu, tano za yule."

Wiki ya tatu Wizara ilidai ushahidi wa picha kwamba mafunzo yanafanyika. Aliyetumwa ni Fadhul, akiwa na kamera ya video ya kuazima ambayo kwa kawaida hupiga harusi. Alizunguka siku mbili, kwa heshima kubwa, akituomba tu tusimtazame. Alimpiga picha Kamishna akibebwa na watu watatu kuvuka mtaro usio na maji. Mimi alinipiga picha nikiwa nimekwama juu ya ukuta nikiwaamuru waliokuwa chini waniite kwa cheo changu. Nakala moja ya kaseti akaipeleka Wizarani. Nyingine akaiweka kwenye deki yake, akashika kipaza sauti, na safari hii hakupewa ukurasa wowote wa kusoma.

Nasikia foleni ilifika barabarani. Wanafunzi walitoka Wandegeya, upande wa pili wa jiji, kwa miguu. Sifuna alizirai, akamwagiwa maji, akaomba kaseti irudishwe nyuma.

Niliandika malalamiko siku hiyohiyo. Nilimkumbusha mkuu wa kambi kwamba kumcheka mwanajeshi ni kosa chini ya Kanuni ya Tisa, na kwamba Makindye nzima inapaswa kupakiwa kwenye malori. Jibu lilikuja kupitia kwa Sajenti Santa, sentensi mbili: "Wanaochekwa bado si wanajeshi. Kanuni haiwahusu."

Hapo ndipo Kamati ilipoonyesha ari iliyokuwa imekosekana. Asubuhi iliyofuata Kamishna Oloya alikuwa wa kwanza kwenye mstari, bila vyeti, amefunga viatu mwenyewe. Alikimbia. Mjumbe wa Fedha alikimbia, mama zake wote wakiwa hai. Wote kumi na wawili tuliomba kwa maandishi tuapishwe kuwa wanajeshi mara moja, kwa mkataba wowote, kwa muda wowote.

Sajenti Santa alitutazama kwa siku nne. Siku ya tano akasoma matokeo. "Hawafai. Wote. Wamalize miezi yao, warudi makwao."

"Sajenti," alisema Kamishna, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeachwa na basi la shule, "tafadhali. Tuapishe hata kwa wiki moja."

"Mzee, jana ulilala ukiwa umesimama. Bunduki ikalala na wewe."

Jumapili Safinah alikuja kwenye lango la kambi na fomu ya kuidhinisha filamu mpya, yaani ile yetu. Sheria inataka fomu hiyo isainiwe na Katibu wa Kamati, popote alipo.

"Tafuta makosa, mzee," alisema. "Sina haraka."

Nilipitia Kanuni zote thelathini, nimesimama, jua likiniwakia kichwani. Filamu haikumkashifu mwanajeshi yeyote, maana ndani yake hamkuwamo mwanajeshi. Haikuwa na tafsiri potofu. Kwa mujibu wa fomu, kila alichosema Fadhul kilionekana wazi kwenye picha. Nikatia sahihi.

Aliikunja ile fomu kwa uangalifu, akaiweka kifuani. "Wateja wanaomba sehemu ya pili. Nyinyi mtabaki hapa mpaka lini?"

Nilimjibu kwa mujibu wa ratiba kwamba zimesalia wiki saba.

"Alhamdulillahi," alisema Safinah.